Istria: Ipe bahari mgongo, ukale vizuri na mwenzio

Wengi wakifika Kroatia wanagandia ufukweni. Lakini chakula chenyewe kiko ndani, vijijini, juu ya vilima. Twende tukakione.

MARA ya mwisho wewe na mwenzio kukaa mezani saa mbili nzima, simu zikiwa mbali, ilikuwa lini? Usijibu haraka. Na harusi za watu hazihesabiwi.

Mimi nilipojiuliza swali hilo nilikosa jibu. Mume wangu anarudi saa tatu usiku, mimi nimeshakula na watoto, yeye anakula huku anaangalia taarifa ya habari. Maongezi yetu yalikuwa ada, luku na foleni. Hatukuwa na ugomvi wowote, na hicho ndicho kilichonitisha. Kwa hiyo tulipotimiza miaka kumi ya ndoa, ule mshiko tuliokuwa tunauweka kwa ajili ya sherehe ya ukumbini, wa kulisha watu mia mbili, tukauhamishia kwenye safari ya kulishana wawili. Wakwe walinuna kidogo, baadaye wakapoa.

Tukachagua mahali ambapo kazi kubwa ya siku ni kula: vijiji vya Istria, nchini Kroatia.

Kwanza, Istria ni wapi?

Ukitaja Kroatia, watu wanakutajia Dubrovnik na Split, yale maboti na mawe meupe ya pwani. Istria iko upande wa pili kabisa, kaskazini magharibi, ikipakana na Slovenia, na Italia iko pua na mdomo. Ni rasi kubwa kuliko zote za bahari ya Adriatiki. Pembeni kuna miji ya pwani kama Pula, Rovinj na Poreč, ambako wakati wa kiangazi hupati hata pa kuweka mguu. Ndani kuna vilima, mizabibu, mizeituni na vijiji vya mawe vilivyokaa juu ya vilele kama kofia.

Historia yake si mchezo. Hadi mwaka 1918 ilikuwa chini ya Austria-Hungaria, kisha ikawa ya Italia, kisha Yugoslavia, na tangu 1991 ni Kroatia huru. Bibi wa huko angeweza kuzaliwa nchi moja, kuolewa nchi nyingine na kuzeekea ya tatu bila kuhama nyumba. Ndiyo maana hadi leo vibao vingi vya barabarani vimeandikwa lugha mbili, Kikroatia na Kiitaliano, na sufuria nazo zinazungumza lugha zote mbili.

Historia hiyo ilikuwa na machungu yake. Baada ya Vita Kuu ya Pili, maelfu kwa maelfu ya watu, wengi wao wenye asili ya Kiitaliano, walifungasha wakaondoka. Miji ya vilimani ikabaki milango imefungwa. Grožnjan, kwa mfano, ilikuwa karibu kuwa gofu hadi mwaka 1965 ilipotolewa kwa wasanii, wakaingia na rangi zao na vinanda vyao. Vijiji vingine havikupata wasanii. Vilivyorudishia uhai ni jiko. Kwa hiyo unapokula huko, ujue hela yako inalipia zaidi ya sahani.

Konoba ni nini?

Hili ndilo neno la kwanza la kujifunza. Zamani konoba ilikuwa ghala la chini ya nyumba, la mapipa ya mvinyo na mafuta ya zeituni. Siku hizi ni mahali pa kula pa kijijini: meza za mbao, jiko la kuni, na mara nyingi mama yuko jikoni na mwanawe ndiye anayekuhudumia. Mfikirie mamantilie unayempenda kuliko wote, sasa mjengee nyumba ya mawe yenye miaka mia tatu.

Neno la pili ni agroturizam. Hapo unakwenda shambani kwa watu kabisa. Unakula walichopanda, walichofuga na walichokamua wenyewe. Menyu haina kurasa kumi, na wakati mwingine haipo kabisa. Unaulizwa tu, "Mna njaa kiasi gani?" Wengi wana vyumba vya kulala pia, na hiyo ni habari njema kwa wale watakaonywa mvinyo.

Uyoga wa bei mbaya

Bonde la mto Mirna, chini ya mji wa Motovun, lina msitu wenye unyevunyevu. Chini ya udongo wa msitu ule kunaota uyoga uitwao tartufi. Hauchomozi juu hata siku moja. Unatafutwa kwa pua za mbwa waliofundishwa tangu wakiwa watoto, na mwindaji anamwahi mbwa wake kabla hajautafuna, maana ule mweupe kilo moja ni maelfu ya euro.

Tarehe 2 Novemba 1999, mwindaji Giancarlo Zigante na mbwa wake jike aitwaye Diana walifukua tartufi nyeupe ya kilo 1.31. Ikaingia kwenye kitabu cha Guinness kuwa kubwa kuliko zote zilizowahi kupatikana hadi wakati huo. Rekodi ilivunjwa miaka ya baadaye, lakini jina la Istria lilikuwa limeshatoka. Zigante hakuiuza. Alialika watu, wakaila. Leo mgahawa wenye jina lake uko Livade, chini ya Motovun, na ni wa kuvalia. Kama mnataka usiku mmoja wa kupendeza hasa, wa gauni na koti, basi ni pale. Jiandaeni tu kwa bili.

Lakini si lazima uvunje kibubu. Tartufi inaliwa hata kwenye konoba ya kawaida, juu ya mayai ya kukaanga wanayoyaita fritaja, au juu ya fuži, tambi za nyumbani zinazokatwa vipande vya pembe nne na kukunjwa mpaka ncha mbili zikutane. Harufu yake? Nikisema vitunguu saumu na udongo baada ya mvua nitakuwa nimekaribia. Mume wangu alinusa mara ya kwanza akasema, "Hiki kimeharibika." Baada ya dakika kumi alikuwa anapangusa sahani kwa mkate.

Kuna siri moja ya kukuokoa usiibiwe. Mafuta mengi yanayouzwa kwa jina la tartufi yanatiwa harufu ya kutengenezwa. Tartufi halisi hukwanguliwa mbele yako, mezani, inaanguka kama maganda membamba. Na ujue msimu. Nyeupe, ile ya bei, ni kuanzia Septemba hadi Januari. Nyeusi ya kiangazi ni ya bei nafuu na harufu yake ni ya upole. Mtu akikupa "nyeupe mbichi" mwezi wa Mei, mtazame mara mbili.

Wapi pa kwenda

Buzet. Huu wanauita mji wa tartufi. Jumamosi ya pili ya Septemba kuna sikukuu ya Subotina, ambapo hukaangwa kimanda kimoja cha mayai zaidi ya 2,000 na kilo 10 za tartufi kwenye kikaango kikubwa kama uwanja. Mnapanga foleni na sahani zenu kama watoto wa shule. Vijiji vinavyouzunguka vimejaa konoba, kwa hiyo msiishie mjini.

Motovun. Mji wenye kuta, juu ya kilima cha mita 277. Kuna ngazi zaidi ya elfu moja kutoka bondeni, kwa wale wanaotaka kulipia chakula kwa jasho kabla ya kukila. Nje kidogo ya lango la mji iko konoba Mondo, inayojulikana kwa tambi na tartufi. Mkishiba, zungukeni juu ya kuta polepole. Asubuhi za vuli ukungu unalala bondeni na mji unabaki unaelea juu yake. Beba kamera.

Hum. Wenyewe wanajiita mji mdogo kuliko yote duniani, na ukiuona hubishi: barabara mbili, kanisa, lango la chuma, na wakazi unaoweza kuwahesabu ukiwa umekaa. Ndani yake kuna Humska konoba. Hapa ndipo kwa biska, pombe kali ya zabibu iliyolowekwa mimea inayoota juu ya matawi ya miti mingine. Kikombe kimoja kinatosha, ndugu yangu. Njia ya kilomita 7 kutoka Roč hadi Hum imepangwa sanamu za mawe za kukumbuka maandishi ya kale ya Waslavi. Ni matembezi mazuri ya kutafutia njaa.

Momjan na Brtonigla. Huku ni kaskazini, karibu na mpaka wa Slovenia, nchi ya mvinyo. Momjan inasifika kwa zabibu zake tamu za muskati na kwa Malvazija, mvinyo mweupe wa Istria. Konoba Stari Podrum iliyo karibu ni ya wapenda nyama. Brtonigla kuna konoba Astarea, ambako moto unawaka katikati ya chumba na nyama au samaki wanaiva chini ya čripnja, mfuniko wa chuma wenye umbo la kengele unaopaliwa makaa juu. Mimi mtoto wa pwani nilipoiona nilicheka. Bibi yangu alipika mkate wa kumimina hivyohivyo, makaa chini na makaa juu.

Ng'ombe aliyeokolewa na sahani

Kuna ng'ombe wa Istria aitwaye boškarin, mkubwa, wa rangi ya kijivu, mwenye pembe ndefu. Kwa karne nyingi ndiye aliyelima mashamba na kuburuta mawe. Trekta lilipoingia, akakosa kazi, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 walikuwa wamebaki wachache mno, karibu kwisha kabisa. Wafugaji walioungana kumwokoa walijaribu ruzuku na maonyesho, lakini lililosaidia zaidi linashangaza: waliamua aliwe. Mkulima akiona nyama ina soko, atafuga. Wakala wa maendeleo ya vijijini ulioko Pazin ukawa unathibitisha migahawa inayouza boškarin halisi, na leo mifugo inaonekana tena malishoni. Muulize mwenye konoba kama anaye. Mara nyingi hupikwa mchuzi mzito wa taratibu na kumwagiwa juu ya njoki, vidonge laini vya viazi.

Ugali ugenini

Usishangae ukiletewa ugali. Wanauita palenta, ni unga wa mahindi wa njano, laini kidogo kuliko wetu, na kwa vizazi vingi ndicho kilikuwa chakula cha maskini wa Istria. Halafu kuna maneštra, supu nzito ya maharage, na ile ya bobići ina mahindi mabichi ndani yake. Kijiko cha kwanza tu nikamwambia mume wangu, "Haya ni makande!" Kuna pia žgvacet, mchuzi wa kuku unaochemka taratibu mpaka mfupa unalegea. Kama umewahi kula kuku wa kienyeji kwa mama mkwe, unajua ninachosema.

Kuanzia Machi hadi Mei utakuta watu wameinama kando ya barabara wakichuma asparaga mwitu, machipukizi membamba yenye uchungu kidogo, ya kukaangwa na mayai. Na mwisho wa mlo kuna fritule, vimaandazi vidogo vya kuviringa, na kroštule, visheti vyembamba vya kunyunyiziwa sukari. Hapo utadhani uko kwa jirani siku ya Idi.

Wakati wa baridi kuna supa. Licha ya jina, siyo supu. Ni mvinyo mwekundu uliopashwa moto ndani ya jagi la udongo liitwalo bukaleta, ukatiwa sukari, mafuta ya zeituni na pilipili manga, kisha mkate wa kuchoma unatumbukizwa humo. Jagi ni moja, linazunguka meza nzima. Mkiwa wawili, mnanyweshana.

Kama huli nguruwe wala hunywi

Tuongee ukweli. Istria ni nchi ya kitimoto. Pršut, fahari yao, ni paja la nguruwe lililokaushwa kwa chumvi na upepo bila moshi, na mwaka 2015 jina lake lilipewa ulinzi wa Umoja wa Ulaya. Linaletwa mezani hata kabla hujaagiza. Soseji nazo haziishi, na hata maneštra isiyo na hatia mara nyingi imechemshwa na mfupa wa nguruwe.

Lakini hutalala njaa. Tambi na tartufi, mayai na asparaga, jibini la kondoo, mboga za kuchoma, palenta, na samaki ukisogea pwani, hivyo ni vingi vya kutosha wiki nzima. Sentensi ya kuishika ni "bez svinjetine", yaani bila nguruwe. Uliza pia kuhusu mvinyo, maana michuzi mingi ya nyama inatiwa. Nyama halali vijijini usiitegemee. Msikiti mkubwa uliofunguliwa mwaka 2013 uko Rijeka, nje kidogo ya Istria, kama mtapenda kusali Ijumaa njiani.

Siku tuliyokuta mlango umefungwa

Sasa niwape kisa. Siku ya pili tuliendesha karibu saa nzima kwenda konoba moja niliyosifiwa, kwenye kilima, barabara nyembamba kama uzi. Tulifika saa nane mchana, mlango umefungwa. Ilikuwa Jumanne, siku yao ya mapumziko, na mimi sikupiga simu. Mume wangu hakusema neno. Nyie mnaojua ndoa mnajua ule ukimya. Kwenye gari tukatupiana maneno, na ukiyasikiliza vizuri hayakuhusu konoba hata kidogo. Yalikuwa ya miaka minne nyuma, tangu alipochukua kazi ya pili.

Tukasimama kwenye duka la kijiji, tukanunua mkate, jibini na nyanya, tukakaa kwenye ukuta wa mawe chini ya mzeituni. Hakuna mtandao pale, simu zilikuwa mzigo tu. Tulikula kwa mikono. Aliniambia amechoka, na kwamba anaogopa kuniambia amechoka. Nami nikamwambia kula peke yangu kumenichosha. Tulikaa pale hadi jua likaegemea. Kesho yake tulipiga simu kwanza, tukapata meza, na mlo ule wa mchana ulichukua saa tatu. Hakuna aliyetuletea bili mpaka tulipoiomba. Huko ndiyo adabu yao: kukuletea bili kabla hujaiomba ni kukufukuza.

Simulizi hii si ya kukushauri ukagombane ugenini. Nasema tu kwamba mezani ndipo mambo yanapotokea, mabaya na mazuri, na sisi tulikuwa tumeikimbia meza.

Kabla hujafunga begi

Viza: Tangu tarehe 1 Januari 2023 Kroatia imo ndani ya Schengen na inatumia euro. Viza ni ya Schengen, na ukitua Venice ukapita Slovenia huhitaji nyingine. Omba mapema.

Njia: Shuka Zagreb, Venice au Trieste, kisha kodi gari. Bila gari, vijiji utavisikia tu. Kumbuka huko wanapita kulia, siyo kushoto kama kwetu.

Simu: Piga kwanza. Konoba nyingi zina siku ya kufunga katikati ya wiki, na baadhi hufunga kabisa Januari au Februari. Mimi nimeshawaumbukia kwa niaba yenu.

Wakati: Septemba hadi Novemba kwa tartufi na mavuno, Aprili na Mei kwa asparaga. Julai na Agosti waachie watu wa ufukweni.

Mvinyo: Agizeni Malvazija mweupe au Teran mwekundu wa nyumbani, unaletwa kwa jagi. Atakayeendesha asinywe. Polisi wao hawana utani.

Bakshishi: Asilimia kumi ukiridhika inatosha. Mkate unaweza kuhesabiwa kwenye bili, usihamaki.

Maneno: "Dobar tek" ni karibu chakula, "hvala" ni asante. Wenye konoba wanafurahi ukijaribu.

Na kama mwaka huu mshiko hauruhusu? Anzeni nyumbani. Songa ugali, chemsha kuku taratibu, zimeni televisheni, simu ziwekeni kabatini. Sisi sasa ni kila Jumapili, saa saba mchana, na mume wangu hana ruhusa ya kuchelewa. Juzi ndiye aliyepika yeye. Chumvi ilizidi, tulikula hivyohivyo. Kazi kwenu!